Goti la Athmani na Mikono ya Shangazi

Athmani alikuwa mshona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa matundu madogo, huko Kibokoni, Mji wa Kale. Alizaliwa na maradhi ya damu isiyoganda upesi. Akijigonga kidogo tu, damu humvujia ndani ya goti, likafura na kuwaka moto. Mwaka 1966, akiwa na miaka thelathini, goti la kushoto lilikuwa limekunjika na halinyooki tena. Ngazi zilimshinda, akabaki orofani miezi minne.

Aliyemtunza ni shangazi yake, Bi Mwanaesha, mjane asiye na mtoto. Kila alasiri alimkanda goti kwa mafuta ya simsim, kwa nguvu zake zote. Siku moja goti likafura kama dafu, Athmani akapelekwa hospitali akibebwa, shangazi akifuatana naye.

Huko walimkuta Auma, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliposikia habari ya kukanda hakugomba. Alieleza kuwa kukanda huzidisha kuvuja. Goti likiwa moto lipumzishwe na kuwekewa barafu, likishapoa ndipo lizoezwe polepole.

Bi Mwanaesha akainama. "Basi ni mimi niliyemlemaza."

"La, mama. Mikono yako ina mapenzi, ilikosa mafunzo tu. Mimi siwezi kuja kwenu kila siku. Nataka wewe uwe fundi wake."

Goti lilipopoa wakaanza. Athmani alilala chali, taulo iliyokunjwa chini ya goti, akalikandamiza chini hadi hesabu ya tano, kisha akaachia. Mara kumi asubuhi, kumi alasiri. Shangazi alihesabu kwa tasbihi, na Athmani akidai amemaliza kumbe bado, alimwonyesha punje zilizosalia.

Siku moja Athmani alitaka kufanya mara thelathini ili apone haraka. Alipofika kumi na mbili, akasema anahisi mchonyoto ndani ya goti, kama kidonda kilichotiwa chumvi. Shangazi akamsimamisha papo hapo. Auma alikuwa amemfundisha kuwa hiyo ndiyo dalili ya damu kuanza kuvuja. Shangazi akamtuma jirani yao Mejumaa kwa wauza samaki kutafuta barafu. Safari hiyo uvimbe ulikuwa mdogo, ukaisha kwa siku nne.

Goti halikunyooka lote. Lakini baada ya miezi saba, Ijumaa moja, Athmani alishuka ngazi kwa mkongojo, mguu mbovu ukitangulia, akaenda msikitini akasali kitini. Aliporudi, shangazi aligusa goti kwa mgongo wa kiganja. Lilikuwa baridi. Akamwambia akae, akampakulia wali na kipande kikubwa cha samaki nguru.