Kiti cha Miaka Minne

Siku ya kumchagua mkuu mpya wa shule, Pyo Jeong-rim alipanda jukwaani wa mwisho. Wawili waliomtangulia walikuwa manaibu wakuu kutoka mjini, vyeti vyao vimekamilika. Yeye alikuwa mwalimu wa sayansi wa pale pale Haenam, wilaya ya mashamba kusini mwa Korea, na kanuni ya shule ile ndogo ilimruhusu hata mwalimu wa kawaida ajaribu bahati yake. Wazazi, walimu na wanakijiji walikaa kumsikiliza kabla ya kupiga kura.

Bibi Gwak, mkulima wa viazi vitamu, ambaye mjukuu wake Tae-oh alikuwa ndiyo kwanza kaanza kidato cha kwanza kati ya vitatu vya shule ile, alinyoosha mkono.

"Miaka minne ikiisha utakwenda wapi? Wenzako wanataka kupanda ofisini mkoani."

"Nitarudi darasani, bibi. Maabara ile ile yenye bomba linalovuja."

"Maneno ya kuombea kura hayo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jeong-rim alicheka nao, ingawa uso ulikuwa unamuwaka. Hata hivyo alishinda.

Akakaa getini kila asubuhi akiwaita watoto kwa majina, na mwalimu akiugua alishika chaki yeye. Kila vuli Bibi Gwak alimletea kiazi cha kuchoma kilichofungwa gazetini, na kila vuli bibi alirudi nacho nyumbani, maana sheria inamkataza mwalimu kupokea hata kopo la kahawa kutoka kwa mzazi au mlezi wa mwanafunzi wake. "Mwanamke mgumu yule," bibi alilalamika sokoni, lakini alilalamika kwa majivuno.

Muda ulipokaribia kwisha, ofisi ya elimu ya mkoa ikamwita: kuna nafasi, njoo. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao, mtu aliyekwisha kuitwa mkuu hashuki. Akishuka, watu hawajui wamtazame vipi. Na aliyechaguliwa kumrithi alikuwa Namgung, kijana ambaye Jeong-rim mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mkuu, nenda tu mkoani," Namgung alimsihi. "Mimi nitakupangiaje zamu?"

"Kama unavyowapangia wengine. Na lile bomba ulitengeneze wewe, mimi limenishinda."

Alitania, lakini aliogopa. Siku ya kufungua shule, mwezi wa Machi, alipoingia chumba cha walimu wote walisimama kana kwamba bado ni mkuu. Akawainamia, akachukua meza ya karibu na mlango, ile inayopigwa na baridi, akapanga vitabu vyake. Mimi namvulia kofia. Wengi wetu tungekwenda mkoani.

Kengele ilipolia alimkuta Bibi Gwak mlangoni mwa maabara, kifurushi cha gazeti mkononi kinafuka mvuke.

"Bibi, unajua siwezi kupokea."

"Hebu nyamaza. Tae-oh kashamaliza hapa, sheria yako hainihusu tena. Nimekuja kuhakikisha kama umerudi kweli." Akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Haya, kula, mwalimu."

Jeong-rim akakimenya kile kiazi mbele ya darasa zima, bomba likidondosha maji nyuma yake, akala huku machozi yakimtoka.