Pengo la Baba Linavyopiga Mluzi

Wakati wa vita, baba yetu alikwama kwenye machimbo ya dhahabu huko Kama, na familia nyingi zilitumiana salamu kwa kaseti. Siku moja ilitufikia kaseti yenye sauti ya mwanamume akisema kwamba yu salama. Redio yetu ndogo ilikwaruza mno. Mama hakuweza kuapa kwamba aliyesema ni mumewe.

Tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu Kaskazini, mwenye duka pale mtaani kwetu, Mikelenge. Alikuwa na spika mbili za mbao, alizozifunika kwa kitenge kama watoto wachanga. Alizifunua, akaunganisha betri ya gari, akaiweka kaseti.

Mama alishika kinywa. "Njo yeye, ni mume wangu! Sikia pengo lake linavyopiga mluzi."

"Kumbe, mama, jino lililong'oka njo linaongea?" yule mfanyabiashara alitania.

"Hilo halijanidanganya hata siku moja. Ni yeye mwenyewe."

Leo ninasomea sauti katika shahada ya uzamili, na sijapata kipimo bora kuliko hicho: chombo cha hali ya juu humleta mtu kamili, pamoja na pengo lake. Juzi niliisikiliza kaseti ile kwa spika bora kuliko zote nilizowahi kuzigusa. Kabla ya neno la kwanza, baba alivuta pumzi iliyotetemeka, akaituliza, ndipo akasema yu salama.

Alirudi, akazeeka nasi, akafariki bila kututajia hofu ile. Sijaamua kama mama naye aisikie pumzi ile.