Nilivyowahesabu Ng'ombe wa Baba

Kwetu Bugwema mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ukimuuliza baba, atakujibu "wapo wapo tu," halafu atakuangalia kama vile unamwombea mabaya. Mimi na kiherehere changu, nilipoajiriwa Musoma mjini kwenye duka la dawa za mifugo, nikaona huo ni ushamba. Mfumo wetu wa kompyuta ulitaka idadi ili kupanga chanjo, na baba alikuwa mteja. Basi nikaenda likizo, nikasimama pembeni ya zizi asubuhi wakitoka, nikawahesabu kimyakimya. Niliporudi kazini nikaijaza.

Siku moja asubuhi, waliotuuzia mfumo wakatuma barua pepe. Kile kisanduku cha kutafutia wateja kilikuwa na tundu: mtu akiandika amri badala ya jina la mteja, mfumo unamtii na kumwaga orodha yote. Na wahalifu walishaanza kulitumia. Nilichomoa waya wa intaneti hata sijamaliza kusoma. Halafu nikafungua kumbukumbu za mfumo, naomba Mungu tusiwemo. Tulikuwemo. Alfajiri ileile mtu alikuwa ameondoka na wafugaji wetu wote: jina, simu, kata, idadi ya ng'ombe. Kwetu wezi wa ng'ombe hawaji mikono mitupu. Kitu pekee ambacho hawakukipata ni njia ya kufika kwenye mazizi.

Bosi akasema tugawane orodha, tuwapigie wote siku hiyohiyo, tuwaambie wasimwelekeze mgeni yeyote. Nikaanza na wa Nyasura, nikaja wa Butiama. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Jina la baba nilikuwa nalirukaga kila nikilifikia. Nilimwogopa yeye kuliko wezi, huo ndio ukweli. Ningemwambiaje kwamba niliwahesabu kwa siri? Nikajidanganya kwamba bado yuko malishoni, simu haishiki. Mficha maradhi kifo humuumbua, usemi huo naujua tangu utoto, na bado nikaenda kunywa chai.

Nilimpigia saa kumi. Nikamweleza yote, kuanzia pale zizini. Nilitegemea anifokee. Nikawa nasikia ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Mama," akasema taratibu, na baba huniita hivyo akiwa na huruma tu, "kwamba uliwahesabu nimeshajua. Kuna mwenzako wa ofisini alinipigia saa nane. Akaitaja idadi yenyewe, hakukosea hata mmoja. Nikasema huyu katumwa na mwanangu, nikamwelekeza njia mpaka mlangoni."