Kitunguu cha Damari

Watu wa Mwankoko, kule Singida, wakitaka kukuonyesha kwamba kwao kumetoka mtu, hawaanzi na wenye magari. Wanaanza na Yunisi Mughwai, binti wa Damari mkamua alizeti, yule mwalimu aliyegandisha mafuta. Ukiwauliza aliyagandishaje, kila mmoja atakupa hadithi yake, na nyingine ni uongo mtupu. Basi tuiweke sawa.

Yunisi alisomeshwa na mafuta. Mama yake alikamua alizeti kwa mikono yake, akauza chupa moja moja, na binti akapanda madarasa hadi chuo cha ualimu, kisha akarudi Singida mjini kufundisha kemia sekondari. Alikuwa mwembamba, mbishi, na neno "haiwezekani" hakulimeza bila kulitafuna kwanza.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, na kila shule ilihimizwa kujitegemea. Wengine walifuga kuku, wengine walilima mahindi. Yunisi akatangaza kwamba shule yake itageuza alizeti ya Singida kuwa mafuta ya kupikia ya mgando, yale ya kopo yaliyotoka mbali na kuadimika madukani, na itayaonyesha kwenye sherehe za Saba Saba. Walimu wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mwalimu Yunisi, hiyo ni kazi ya viwanda," alisema mkuu wa shule, Mwalimu Laurenti.

"Na viwanda vilianzishwa na watu, mzee."

Wanafunzi wake aliwaeleza hivi: mafuta na gesi ya haidrojeni ni kama koo mbili ambazo haziwezi kuoana mpaka aje mshenga. Mshenga huyo ni nikeli. Anazikutanisha, kisha anaondoka zake kama alivyokuja. Lakini nikeli ikiwa bonge, wageni hawapati pa kukaa. Ndiyo maana unaitandaza juu ya unga wa udongo mweupe, chembe kwa chembe, ili viti vienee. Basi akalowesha udongo kwa chumvi ya kijani ya nikeli aliyoikuta maabara, akaukausha, akauchoma, akaupitishia haidrojeni ukiwa wa moto mpaka ukawa mweusi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya kutosha mara mbili tu.

Mafuta aliyaagiza nyumbani. Damari akaleta debe zima, mafuta ya manjano, safi, ya kunukia. Mbele ya walimu wote Yunisi akayapasha moto, akatia ule unga mweusi, akapitisha gesi tangu asubuhi hadi jioni. Yakapoa. Yakabaki majimaji vilevile.

Laurenti hakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Jaribu tena mara moja," alisema kwa upole. "Yakikataa, meza yetu tutawapa wafuga kuku."

Jumamosi Yunisi akaenda Mwankoko, moyo mzito, hata chakula hakitamani. Alimwamkia mama yake shikamoo, akaketi jikoni akimtazama. Damari alikuwa amebandika mafuta mapya motoni. Yalipopata moto akatupia vipande vya kitunguu, akavingoja viwe vyeusi, akavitoa. Ni desturi. Alizeti mbichi ina harufu yake, na kitunguu huiondoa. Yunisi alikuwa ameiona kazi hiyo maisha yake yote, na kwa pua yake harufu ile ya kitunguu ndiyo ilikuwa harufu ya mafuta.

Safari hii aliruka kitini. "Mama! Yale ya shule nayo uliyatia kitunguu?"

"Hee! Nipeleke mafuta mabichi mbele ya walimu, waseme kwetu hatujui kupika? Nilitia vitunguu vikubwa, mwanangu. Kwa heshima yako."

Yunisi akacheka, machozi yakimtoka. Kitunguu kina salfa inayobaki kwenye mafuta, na salfa ikigusana na nikeli haibanduki. Ilikuwa imewahi viti vyote, na haidrojeni ilipofika ikakuta harusi imejaa. Akamweleza mama yake polepole, kisha akaomba mafuta mabichi.

"Yatanuka," Damari alisema. "Watu watanisema."

"Watakusema mimi nikiwepo, mama?"

Damari akampa, lakini uso aliugeuzia ukutani kwa aibu.

Yunisi aliyaosha mafuta yale kwa maji ya moto, akayatuliza, akayakausha vizuri, kisha akatumia nikeli yote iliyobaki. Aliogopa, tusidanganyane. Jioni alichuja mafuta kwenye bakuli, akakaa kuyalinda. Kwanza yalifanya ukungu pembeni. Halafu yakaanza kuwa meupe, yakashikana kama uji uliopoa, na mkuu wa shule mwenyewe akachovya kidole, akarudia, akaenda kuita walimu.

Siku ya Saba Saba meza yao ilizungukwa na watu. Yunisi aliinua bakuli juu, akalipindua. Watu waliokuwa mbele wakaruka nyuma wasichafuke. Hakikudondoka kitu. Kelele zilizopigwa pale zilifika mpaka kwa wafuga kuku.

"Mafuta haya ya nani?" akauliza mzee mmoja.

Yunisi akafungua kinywa ajibu, lakini akawahiwa. Damari, aliyekuwa amejificha nyuma kabisa ya umati, alikuwa anapenya kwa viwiko, kitenge kikimvuka begani.

"Nimekamua mimi, kagandisha mwanangu!" alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Na hayana kitunguu hata kimoja!"