Vitafunwa vya Mkesha wa Wafu

Juzi usiku, kwa kuwa nimekosa usingizi tangu nihitimu ualimu, nilimwona mwanamke jirani jikoni kwake akikunja unga wa ngano kwa siagi, na harufu ya jiko la bibi mmoja Mdachi, yaani Mjerumani, kule Matombo ikanirudia.

Mama alikuwa mpishi wake mpya. Baba alikuwa mgonjwa, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Bibi alikuwa ameagiza vitafunwa vya jibini vya mkesha wa sikukuu ya wafu, na kuonya kwamba mama akikosea atafukuzwa. Mama aliukanda unga, akaukunja kwa siagi na jibini, akausukuma kwa chupa, akaupoza kijitoni siagi isiyeyuke.

“Mama, chumvi je?”

“Chakula cha wafu hakitiwi chumvi, mwanangu. Wala hakionjwi.”

Viliumuka vizuri, tabaka juu ya tabaka. Bibi akauma kimoja, akatema, akatutupia vyote na kutuonyesha mlango. Nilidhani wafu wake wamevikataa.

Njiani mama aliniuliza, “Kumbe Wadachi walitaka kula wao wenyewe?”

Leo ningemjibu. Siku ile nilimpokea tu kanga alimovifunga vile vitafunwa.

Nyumbani baba aliuliza tumeleta nini. Mama akafungua kanga, akampangia vile vitafunwa, kisha akainuka kutafuta chumvi.