Mpaka Tovuti Tatu Zikubaliane

Kule kiwanja cha ndege mafundi walimwita Rubani wa Mezani, na kusema kweli walimhurumia, maana alistahili jina baya zaidi. Leseni alikuwa nayo. Ndege ndogo alikuwa nayo pia, kwa ubia na muuza vigae mmoja ambaye kila Jumamosi aliitoa bandani, akaruka zake, akarudi na vumbi la mbali kwenye matairi. Yeye Jumamosi zake alizimalizia sebuleni, kompyuta mapajani, akipanga safari.

Na kupanga alijua, tusimnyime haki yake. Alikuwa na tovuti tatu. Ya kwanza ilimchorea njia, mstari wa zambarau kutoka kiwanjani mpaka kwa mama yake, ng'ambo ya milima. Ya pili ilimpa upepo na mawingu. Ya tatu ilimpigia hesabu ya mafuta, kisha nayo ikajitia kutabiri upepo. Basi bwana mkubwa akajiwekea sharti ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: haruki mpaka zote tatu ziseme kitu kimoja. Nyumbani kwake watu walishindwa kukubaliana juu ya sukari kwenye chai, sembuse tovuti tatu juu ya wingu.

Mama yake alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Macho yalikuwa yanafifia, na daktari hakumficha kwamba hayatarudi.

"Mwanangu," alimwambia kwenye simu, "nirushe mara moja nilione shamba letu kutoka juu, kabla giza halijanifika. Marehemu baba yako alikuwa akisema mto umelikumbatia. Nataka kujionea."

"Usijali, Mama. Hali ya hewa ikikaa sawa tu."

Hali ya hewa ilikaa sawa, ikachoka kukaa. Mkewe alifungua pazia asubuhi moja, nje kweupe pe.

"Mwenzako wa vigae kesharuka," akamwambia.

"Tovuti ya pili inaona wingu."

"Na wewe unaliona?"

"Mimi si chombo cha kupimia."

Alijibu hivyo bila hata chembe ya haya. Akausogeza mstari wa zambarau kushoto kidogo, akajinyoosha kama mtu aliyetoka kulima. Mama aliambiwa Jumamosi ijayo, na ijayo ikazaa nyingine, mpaka misimu ikapita.

Mwishowe tovuti zote tatu zikakubaliana. Akaruka, akatua salama kwenye kiwanja cha nyasi karibu na kwao. Mama aliletwa kashikwa mkono mpaka mlangoni mwa ndege, na mwanawe hakujiuliza kwa nini. Alikuwa anahangaika kubandika tableti yake mbele ya kiti. Akamfunga mama mkanda, wakapaa.

"Tumefika?" mama akauliza.

Akaitazama tableti. "Tuko juu ya shamba kabisa, Mama. Angalia kulia."

Mama akageuza uso dirishani, kwa kumheshimu tu mwanawe, kisha akaurudisha.

"Siku hizi sioni kitu, mwanangu. Nimechelewa. Niambie wewe, mto umelikumbatia?"

Akaiinamia tableti, akaipanua ramani kwa vidole viwili, akatafuta huku na huku.

"Hapa hawajauonyesha mto, Mama."

Mama akaiweka mikono mapajani, jua la upande wake likimpiga usoni.

"Mimi macho yangu yamekwisha," akasema. "Wewe yako umeyapeleka wapi?"