Harufu ya Kibumba

Tangu azaliwe, Luc alikuwa akipumua kwa mdomo, mpaka daktari alipomtoa nyama iliyoota nyuma ya pua. Sasa alikuwa nyumbani, amelala kwenye mkeka, mama yake Uwitonze akimnywesha uji uliopoa.

Mara mtoto akainua kichwa. "Mama, ni nini inanuka hivi?"

"Nyamaza, mutoto!"

"Ni kwa Tantine!" Akanyoosha kidole.

Tantine Nyiramahirwe, shangazi wa baba yake, alikimbia vita kijijini kwake Kibumba na kitenge kimoja cha kujifunika, kimejaa harufu ya moshi, na kila siku alikataa kifuliwe. Uwitonze akaona aibu. Mgeni akiudhika, ataenda wapi kama si kambi ya wakimbizi?

Shangazi akafungua kitenge chake mabegani.

"Mama, musiende!" Uwitonze akamwomba. " Ni mutoto tu."

"Niende wapi? Huyu juzi hakusikia hata harufu ya samaki ya sambaza!" Akamfunika Luc nacho. "Nusa vizuri, papa, mutoto wangu. Ni moshi ya jikoni kwangu. Nilikuwa napika maharagi wakati masasi ilianza kulia. Nyumba sijui kama iko. Hii ndiyo nilitoka nayo."

Luc akafunga mdomo, akavuta pumzi polepole kwa pua.

"Inanipa njaa," akasema.

Shangazi akacheka sana, kisha akalia, na Uwitonze akamwacha alie.